Donat na Malakiti ya Ukungu

Donat Kisimba anaosha chupa katika maabara ya chuo kimoja cha Lubumbashi, na cheo chake, kadiri ninavyojua, hakijaandikwa popote. Baba yake alitoka mji wa Kongolo kuja kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alisugua malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, kwa miaka kumi na tisa: tembo, misalaba, visahani vya majivu, kwa wageni waliotaka kurudi kwao na kipande cha Katanga kisichozidi kilo mbili. Kifua kilipoanza kumlalamikia akahamia kwetu, ambako hatari kubwa ni sabuni na walimu.

Mwaka jana tulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa anamaliza, Plamedie, binti wa mama Brigitte anayeuza mikate mtaa wa Makomeno. Mémoire yake, tasnifu ya kumalizia masomo, ilihusu ukungu, ule wa rangi ya chungwa unaoota juu ya mkate uliosahauliwa. Ukilishwa urea, ile mbolea nyeupe ya mahindi, ukungu huu huivunjavunja na kuacha kaboneti ndani ya maji. Uchuje ukungu, umimine chumvi ya shaba katika maji yaliyobaki: kaboneti inaikamata shaba, na jiwe linazaliwa. Malakiti ya ardhini nayo ni shaba iliyoshikwa hivyo hivyo, ila yenyewe haikuwa na tarehe ya kuwasilisha.

Plamedie alikuwa nayo. Ilikuwa Jumanne, na matokeo yalitakiwa Ijumaa. Asipoyaleta, anarudia mwaka. Maji yake yalikuwa yamegeuka kijani hafifu, lakini aliyachuja mara tatu na karatasi ikabaki safi kama ilivyotoka kwenye pakiti. Chef Clément, mkuu wa maabara, mtu wa haki mwenye haraka nyingi, aliishika karatasi ile dirishani.

"Hakuna kitu. Donat, osha."

"Nioshe sasa, chef?"

"Ulitaka uoshe Pasaka?"

Akatoka. Plamedie akakaa juu ya kigoda na kulia kwa utulivu, kama mtu anayejaza fomu.

Hapa inabidi nieleze jambo la karakana za malakiti. Katika ile ya Donat, kabla mtu hajajisumbua kufunga kitambaa puani, walifunga madirisha na kuacha tundu moja. Jua likiingia na ukauona mshale wake hewani, vumbi lipo. Usipouona, vuta pumzi. Huo ndio ulikuwa mpango wao mzima wa usalama kazini.

Donat alikuwa ameinua chupa juu ya sinki. Akaiteremsha.

"Mutoto, fika huku. Leta telefone yako, ile na torche."

"Papa Donat, niache tu. Ile iko mayi ya bure."

"Mayi ya bure haina njia. Kuja uone."

Wakaingia katika stoo ya dawa, mlango ukafungwa. Donat aliwasha torche na kuielekeza kwenye chupa iliyokuwa na maji ya chumvi ya shaba tupu, ya buluu, isiyopata kukutana na ukungu wowote. Mwanga ulipita bila kuacha alama. Kisha akaielekeza kwenye chupa ya Plamedie. Ndani ya maji ikaonekana njia nyeupe, iliyonyooka, kutoka ukuta huu wa chupa hadi ule.

"Umeona? Humu muko vumbi. Vumbi ndogo, ile mubaya, yenye kupita mu kitambaa. Ulichuja na nini?"

"Na karatasi."

"Karatasi! Miye ilipita mu kifua."

Sisi wenye vyeti tuna jina la jambo hilo, na tunalifundisha mwaka wa pili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelikumbuka. Ukungu, kabla ya kuchujwa, huacha majini protini zake, nazo huifunika kila chembe ya jiwe mapema, isipate nafasi ya kukua. Chembe hizo mia kadhaa zikipangwa mstari hazifiki upana wa unywele. Kwa karatasi yetu zilipita kama watu sokoni.

Chef Clément akafungua mlango. "Munafanya nini humu?"

Plamedie akamwonyesha ile njia. Chef aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote.

"Nani alikufundisha hii, Donat?"

"Malakiti, chef."

Chef aliibeba chupa mwenyewe hadi zahanati ya jirani, kwenye mashine ya kuzungushia damu, ambayo kwa kasi yake hushusha chini kilicho kizito, na baada ya saa mbili akarudi na kijibomba chenye unga wa kijani chini, kiasi cha punje ya dengu. Donat akaomba ndimu. Ndivyo karakanani walivyowakamata wauzaji wa mawe ya plastiki: plastiki haijali ndimu, malakiti inatoa povu. Matone mawili yalidondoka. Unga ukatoa povu, na Plamedie akacheka na machozi yake yote usoni.

Ijumaa aliwasilisha, akafaulu. Katika ukurasa wa shukrani alimweka Mungu kwanza, kisha "Papa Donat, fundi wa malakiti", kisha chef, ambaye hakulalamika.

Mama Brigitte aliona ukurasa mmoja hautoshi. Alikwenda parokiani kuandikisha misa ya shukrani kwa katibu, mama Christiane.

"Kwa nia ya nani, mama?"

"Ya Plamedie, ya papa Donat, ya chef Clément, na ya ukungu."

"Ukungu ulibatizwa?"

"Hapana. Lakini ulitumika."

Christiane aliandika majina matatu. Jumapili padri aliyasoma, na Donat, aliyekuja na shati lililopigwa pasi hadi kukakamaa, alisema amina kabla sentensi haijaisha. Nilikuwa benchi la nyuma. Nami nilisema yangu, na kwa kuwa yule wa nne hakuwa ameandikwa, nikamshukuru kimoyomoyo.