Boma la Serikali

Siku hizi nakaa Ilembo, hapa Mpanda mjini, na ofisi za mkoa ziko hapa hapa. Nikitaka kumwona mtu wa mkoa napanda bajaji, na kabla sijamaliza kugombana na kijana juu ya nauli tumeshafika. Wajukuu wangu wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Miaka ya tisini mkoa ulikuwa jina tu. Makao yake yalikuwa mbali kusini, mwendo wa siku nzima kwa lori ukijaliwa, na ukikuta mvua imebeba daraja unageuza. Mpanda ilikuwa wilaya, na ofisi za halmashauri zilikuwa pale mjini. Sisi wa kijijini tulikuwa tukienda huko asubuhi na kurudi jioni tukiwa tumeambiwa tuje kesho.

Kijiji chetu kiko upande wa Litapunga. Hatukuwa na zahanati. Mgonjwa alipakiwa kwenye baiskeli mpaka Mpanda, na mjamzito naye vilevile, mume anasukuma, mama mkwe anafuata nyuma na ndoo na kanga. Kwa uzazi wangu wa kwanza nami nilipakiwa hivyo. Hatukufika. Mtoto alizaliwa porini kando ya njia, wa kiume, akalia kidogo, akanyamaza. Nilimrudisha nyumbani kifuani. Sielezi zaidi, maana nikieleza siku hiyo chakula hakipiti. Ila lazima ulijue hilo, usije ukadhani nilikuwa mwendawazimu nilipokuwa nabeba matofali na mimba ya pili, huku mama mkwe akinifokea niyatue.

Aliyetuletea habari za zahanati alikuwa diwani wetu. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akatueleza kwamba fedha za maendeleo zitapita mikono miwili. Sisi wananchi tujenge kuta mpaka usawa wa linta, pale juu ya milango na madirisha. Halmashauri italeta saruji, milango na nesi. Mkoa utaleta bati na dawa. Baba mkwe wangu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji, alikuna kidevu akasema pole pole, "Halmashauri mama, mkoa baba. Ukimwomba mama kitu, anakwambia kamuulize baba yako." Watu walicheka, diwani naye akacheka, ila yeye alicheka kidogo.

Kisha diwani akapaza sauti kufunga mkutano. "Mkoa hauleti bati mpaka uone boma! Boma kwanza!"

Sasa neno hilo. Sisi wenyeji, Wakonongo na Wabende tuliokulia pale, tulijua boma ni kuta zilizosimama bila paa. Wazee wetu walijua pia kwamba bomani ni kwa mkuu wa wilaya, mahali pa kwenda umevaa viatu. Lakini ng'ambo ya kijito walikuwa wanakaa Wasukuma, waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini miaka michache tu nyuma. Kwao boma ni pale ng'ombe wanapolala, basi. Mkubwa wao alikuwa amechelewa mkutanoni, hakusikia habari za linta. Alilisikia lile la mwisho. Akanyoosha fimbo yake.

"Boma la selikali?"

"La serikali, mzee," diwani akajibu.

"Kubwa?"

"Kubwa! La kutosha kata nzima."

Mzee akawageukia wenzake, uso umemng'aa. "Hiyo kazi tuachieni sie."

Tuliwapigia makofi. Wasukuma wana nguvu, nasi tulikuwa wachache. Nakumbuka nilirudi nyumbani nimefurahi, najipapasa tumbo, najiambia huyu hatapanda baiskeli.

Ee, jamani, siku zile! Tulishuka mtoni kijiji kizima kufyatua matofali. Asubuhi ukungu, miguu kwenye udongo baridi, halafu mtu mmoja anaanza wimbo wa kulimia na wote tunadaka. Wanaume waliosutana msimu mzima juu ya mipaka ya mashamba walikuwa wanapokezana kibao cha kufyatulia. Mchana tulikula viazi vitamu na togwa, kila nyumba ikileta chungu chake na kuchungulia cha jirani. Tanuru lilipowashwa, watoto walichoma mahindi kwenye mdomo wake mpaka wakafukuzwa. Siku hizi mkandarasi anakuja na watu wake na redio yao, anajenga, anaondoka, na hakuna anayejua jina la mtu. Jengo linakuwa zuri, sikatai. Lakini nalionea huruma.

Tulipomaliza kuchoma tukapanda na mizigo yetu kwenda kiwanjani. Tukasimama. Pembeni ya uwanja wa zahanati lilikuwa limechomoza boma la ng'ombe, kubwa kuliko lolote nililowahi kuona. Magogo marefu yaliyonyooka yalikuwa yamesimikwa bega kwa bega, na mlango wake wa fito za kukingama ulikuwa umechongwa vizuri. Wasukuma walikuwa wamekaa kivulini mwake wanafuta jasho. Walikuwa wameamua kati yao kwamba serikali inaleta chanjo ya mifugo na inataka pa kuwafungia ng'ombe wa kata nzima.

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu mmoja aliuliza kama nesi atakuja na kengele shingoni. Mzee wa Kisukuma alitutazama, halafu akalitazama boma lake, na shoka likamning'inia mkononi. Mkewe, mama mnene mwenye bangili za shaba, alinifuata mimi niliyekuwa nimeshika tumbo machozi yakinitoka.

"Cheka, mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Mama akicheka na wa tumboni anacheka."

Kuanzia hapo tukawa marafiki. Ila utani haukuisha. Ng'ombe akikohoa tu, mtu anasema mpelekeni zahanati yenu. Wenyewe walivumilia, wakafunga magari yao ya ng'ombe na kutusombea mchanga na mawe, wakishika mwiko pale fundi alipowaruhusu. Saruji ya halmashauri ilishuka kwa treni ya Kaliua ikatufikia. Kuta zikapanda. Zilipofika linta, baba mkwe alipanda ngazi akaweka kiganja juu yake, akashuka. Nilijua amefurahi kwa sababu jioni ile hakuulizia chumvi kama kawaida yake.

Bati zikaja. Lori la mkoa lilitangulia, gari la halmashauri likafuata. Fundi wa mkoa akazunguka kuta, akaridhika, kisha akatafuta kwa macho mbao za kubebea paa, akauliza, "Kenchi ziko wapi?"

Mtu wa halmashauri akashangaa. "Kenchi si zinakuja na bati? Mnaezeka nyie."

"Sisi tunaleta bati. Kenchi ni sehemu ya boma."

"Boma ni kuta, ndugu yangu."

"Boma kamili lina kenchi."

Wakabishana pale kwa heshima zote, mheshimiwa huku, mheshimiwa kule, na kila mmoja alikuwa ana hakika mbao ziko kwenye fungu la mwenzake. Hakuna aliyekuwa amezinunua. Dereva wa lori akasema alivyoagizwa: bati haziachwi chini, kuna kijiji kingine kina kenchi zinasubiri. Akaanza kufunga turubai. Nikakaa juu ya matofali. Tumbo lilikuwa limeshashuka. Niliona kabisa baiskeli ya mume wangu imeegemea mti, na nikaichukia.

Mzee wa Kisukuma akapenya mbele. "Tatizo ni miti?"

"Ni kenchi, mzee," fundi akajibu.

"Nauliza, tatizo ni miti?"

Fundi akakubali kwamba, kwa kifupi, tatizo ni miti. Mzee akatembea mpaka kwenye lile boma tulilolichekelea, akaukumbatia mti wa kwanza, akautikisa na kuung'oa. Fundi wa mkoa akaja kuupima, akaugonga kwa nyundo, akautazama kwa jicho moja toka mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa umekauka, umenyooka, na mchwa hawakuugusa. Akamwita wa halmashauri naye atazame. Wakatazamana.

"Leteni mingine," wakasema, karibu kwa pamoja.

Hakuna aliyecheka siku ile. Wanaume wetu wenyewe, wale wa utani wa kengele, ndio walioibeba miti ile mabegani. Mafundi wa pande zote mbili walilala kijijini, wakala ugali wetu, na kabla ya juma kuisha paa lilikuwa linaumiza macho kwa kung'aa. Nilijua basi kwamba nimeokoka.

Sikujua mambo ya serikali. Nesi alikuja, binti mpole, akapewa chumba kwa baba mkwe. Milango ikatiwa makufuli. Halafu tukaambiwa zahanati haiguswi mpaka izinduliwe. Azindue nani? Halmashauri ilitaka mgeni rasmi atoke mkoani, ndiyo heshima. Mkoa ukajibu mradi ni wa halmashauri, wazindue wenyewe. Wakaendelea kupishana kwa adabu hivyo hivyo, huku nesi akishinda jikoni kwetu anachambua mchele. Ufunguo ulikuwa kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji alikuwa mtu wa kuogopa kazi yake isiote mbawa.

Uchungu ulinishika asubuhi ya mvua. Mama mkwe alikwenda kumwomba mtendaji afungue. Mtendaji alikuja mpaka mlangoni kwetu, akakataa, akilalamika kwamba ana watoto wanaosoma na jengo halijakabidhiwa. Nesi alikuwa tayari, analia, hana pa kunilaza ila sakafu ya udongo. Baba mkwe alisimama mlangoni amefumba mdomo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amewaahidi wakubwa kwamba hakuna mtu atakayeingia. Mume wangu, maskini, hakujua afanye nini na mikono yake. Akaitoa baiskeli.

Nilipoiona baiskeli nikapiga ukelele. Haukuwa wa uchungu wa uzazi. Ulifika ng'ambo ya kijito.

Yule mama wa bangili alikuja amelowa chapachapa. Alisikiliza kila mtu, zamu kwa zamu, kisha akamgeukia baba mkwe.

"Mwenyekiti. Kwetu sie mlango wa boma haufunguliwi na mgeni. Mgeni anafunguliwa na mwenye boma. Sasa niambie, mwenye boma nani?"

 Baba mkwe akamnyooshea mtendaji mkono. "Lete ufunguo, baba. Likitokea neno, ni langu."

Binti yangu alizaliwa chini ya miti ile. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele kiasi kwamba nesi alipokuwa anasema nami niliona midomo tu. Mtoto akatoka, na mimi sikusikia kitu. Nikajua. Nikajua amenyamaza kama mwenzake, nikafumba macho. Yule mama akanizaba kofi dogo la shavu. Nesi alikuwa amemwinua mtoto mbele yangu, kinywa wazi, ulimi unatetemeka, uso mwekundu kwa hasira. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Ilikuwa mvua tu.

Wakubwa walipatana baadaye, wakaja wote wawili, wa mkoa na wa halmashauri, na mkasi mmoja. Uwanja ulijaa ngoma. Mgeni rasmi, yule wa mkoa, akakata utepe, akasema kuanzia leo mama wa kijiji hiki hatateseka tena. Watu walikohoa na kutazama chini. Mtendaji alikuwa anatoka jasho shati zima. Kisha mgeni akaniona mstari wa mbele na kichanga, akapendezwa, akamwuliza baba mkwe huyu amezaliwa wapi.

Baba mkwe alimtazama mtendaji. Alikuwa mtu mkweli, lakini alikuwa pia na huruma. "Njiani, mheshimiwa," akasema.

Siku zote nimekuwa mtu wa kumheshimu baba mkwe. Sikuwahi kumjibu mbele za watu kabla ya hapo, wala baada ya hapo. Lakini neno lile lilinichoma pale ambapo hakuna aliyepaona, nikasimama na mtoto wangu.

"Hapana, baba. Wa njiani tulimzika. Huyu kazaliwa humu ndani."

 Mgeni wa mkoa akamtazama wa halmashauri, wa halmashauri akamtazama wa mkoa, kila mmoja akimngoja mwenzake ndiye akasirike. Mwishowe yule wa mkoa akavua kofia yake, akauliza, na sauti yake haikuwa ya hotuba tena, "Na yule wa njiani, mama, alikuwa nani?"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza. Nikamtajia jina lake.