Kiti cha Pili

Juzi nilikuwa gereji moja ya Daraja Mbili nikisubiri kubadilishiwa breki, akaingia mzee wa Kihindi na gari jekundu la michezo, la viti viwili.

“Asubuhi linawaka vizuri,” alimwambia fundi, mama wa makamo. “Likishapata moto, nikilizima haliwaki mpaka lipoe.”

“Basi tulizungushe lipate moto, baba.”

Fundi alipofungua mlango wa pili, mzee alikipangusa kiti kwa kiganja, taratibu. “Tangu mke wangu afariki, hajakaa mtu hapa.”

Waliporudi akalizima, likagoma kuwaka. Fundi akaifunika pampu ya mafuta kwa kitambaa chenye maji baridi, akangoja kidogo, likawaka.

“Pampu imechoka, joto linaishinda. Kesho nitakufungia nyingine.”

Mzee hakushuka. “Tulizungushe tena,” alisema akiutazama usukani. “Tuwe na uhakika.”

Uhakika tulishaupata wote pale. Fundi aliligeukia gari langu lililokuwa juu ya jeki, kisha akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akakilowesha kitambaa upya, akaingia.

“Twende mpaka Olmotonyi, baba. Polepole.”

Kabla hawajafika getini, mzee alikuwa ameshaanza kusimulia.