Uchochoro wa Mjomba Hamidu

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, na hasa leo unaponiambia unaogopa usaili wa bodi ya usajili wa wapangamiji. Nilikuwa bado chini ya Mzee Kombo, mpangamiji aliyekuwa akininoa ili nami nisajiliwe.

Mjomba Hamidu, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa na ghorofa Kariakoo, upande wa Msimbazi. Akataka nimchoree ramani ya kuziba uchochoro wa nyuma, aweke fremu za maduka. Weee, mjomba yule! Akikohoa tu, nyumba nzima kimya. Nikaupeleka mchoro kwa Mzee Kombo, nikiomba moyoni aukatae yeye, nami nipate pa kujifichia. Hakuukataa. Aliniuliza tu, "Ukishasajiliwa, utamwita nani akusemee hapana?" Kisha akanipeleka huko huko uchochoroni.

Tukiwa katikati, jenereta ya duka moja ikashika moto. Moshi ukatanda, watu wakateremka ghorofani mbio, mikokoteni ikakwama, nikabanwa ukutani pumzi haipiti. Niliogopa, mwanangu, nikatoa shahada kabisa. Moto wenyewe ulizimwa upesi. Lakini sote tuliotoka salama tulipita njia ile ile aliyotaka kuiziba mjomba.

Jioni nikaenda kwake. Shikamoo yangu hakuiitikia, maana alishasikia kuwa nimekwenda kuukagua uchochoro na Mzee Kombo. Nikamwambia, "Mjomba, siwezi. Wanao wanalala juu pale."

Akasema, "Kumbe nimelea nyoka."

Nikalia mbele yake. Hata hivyo ule mchoro sikumpa.

Baadaye nikasajiliwa, na yeye hakunisemesha tena mpaka anazikwa. Wapo ndugu wanaonilaumu hata sasa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa wa kwake, ningemwachaje alichume?

Basi nakuusia. Watu wa bodi usiwaogope kupita kiasi: watakuuliza, utajibu, utarudi nyumbani ule. Waogope wanaokupenda, siku watakapokuja na ombi dogo. Usingoje mkubwa wako akusemee hapana. Na ukikataa usitazamie shukrani. Mimi bado nalingoja neno jema la mjomba, naye yuko kaburini.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia, akupe moyo wa kusema hapana, hata siku nitakapokuja kukuomba mimi.