Kromu ya Kondakta

Shangazi yangu hupaka magari rangi, na kabati lake la thina, ile dawa kali ya kuyeyusha rangi, lina makufuli mawili. La kwanza ni la wezi. La pili, husema mwenyewe, ni la marafiki.

Yadi anayofanyia kazi imejaa mafundi wa kila aina, lakini banda lenye paa na kuta za turubai ni moja tu, na ni lake. Rangi mbichi haipatani na vumbi. Fundi rangi akinyang'anywa banda hapaki tena gari; atabaki kuzunguka na brashi akiomba mageti ya kupaka. Ndiyo maana Shangazi huishi akitazama nyuma. Mtu akilisifia banda, yeye huona linapimwa. Akiletewa chai ambayo hakuiagiza, huinusa kwanza.

Aliyemshuku kuliko wote alikuwa fundi umeme wa yadi, kijana mwembamba anayeitwa Cheche. Kwa bahati mbaya walipewa gari moja. Lilikuwa gari kuukuu la mkagua tiketi mstaafu wa reli, mzee ambaye mtaa mzima humwita Kondakta. Rangi yake ilikuwa imepauka kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, nyaya zimeliwa na panya, na milangoni ilipita mistari ya kromu ambayo mzee aliipenda kuliko baadhi ya wakwe zake. Rangi na kromu zikawa za Shangazi, nyaya zikawa za Cheche.

"Kromu hii haitengenezwi tena," Kondakta alimwambia Shangazi alipokuwa akiing'oa. "Nataka kurudishiwa hii hii, si ndugu yake."

"Mzee, mimi napaka rangi. Sili kromu."

"Hata abiria wangu walikuwa na maneno matamu. Tiketi zao ndizo zilikuwa hazionekani."

Shangazi alicheka kwa meno tu.

Kazi ikaenda. Alipiga msasa mpaka bati likaonekana, akajaza mabonde kwa puti, akapiga msasa tena wa maji, polepole, kwa mkono wake wa kushoto ambao ndio anaoutegemea kwa kila kitu. Kila kilichoingia bandani alikipangusa kwa thina mbele na nyuma, hata kama hakitapakwa rangi. Ndivyo alivyofundishwa, kwamba alama moja ya mafuta ya kidole inatosha kuharibu mlango mzima.

Lakini jicho lake moja lilikuwa kwa Cheche. "Yule anaweka waya mpya mfukoni na kuacha wa zamani garini," aliniambia. "Ananitafutia balaa. Gari likiungua, nani ataulizwa? Mwenye banda." Siku moja Cheche alipokwenda kula, nilimkuta Shangazi amejikunja chini ya dashibodi, miguu inaning'inia nje.

"Shangazi, unafanya nini humo?"

"Natafuta vumbi."

Rangi ilipokauka, buluu nzito iliyong'aa hadi ukaona mawingu juu ya boneti, Kondakta alikuja na mkewe. Mistari ya kromu ilikuwa imelazwa mezani, imesuguliwa, inasubiri kurudishwa. Mzee hakuitazama rangi hata kidogo. Aligeuza mstari wa kwanza, akautazama mgongoni. Akageuza wa pili. Akaigeuza yote.

"Si yangu!" alipaza sauti, na nyundo za yadi zikanyamaza. "Umeuza kromu yangu, ukaniwekea takataka!"

Akaeleza mbele ya watu wote. Ile siku ya kung'oa, Shangazi alipokwenda kunawa mikono, yeye alitoa kichupa cha rangi ya kucha cha mkewe na kutia kidoa chekundu nyuma ya kila mstari. Sasa hapakuwa na kidoa hata kimoja.

"Kumbe ni wewe!" mkewe alimgeukia. "Na mimi nimemnunia dada yangu kwa ajili ya kichupa hicho!"

Mwenye yadi alikuwa ameshafika. Hakuuliza lolote. "Mwonyeshe mzee kromu yake," alimwambia Shangazi, "au jioni hii unirudishie banda langu."

Damu ilinichemka. Mtu amelijenga jina lake kwa msasa, kiganja kimekuwa kigumu kama soli, kisha wanataka kulifuta kwa kidoa ambacho hakuna aliyekiona! Na hakuna fundi aliyefungua mdomo. Kila mmoja alikuwa analitazama lile paa.

Shangazi alimkazia macho Cheche. "Wewe ndiye uliyemjaza maneno."

"Mimi?" Cheche alisema. "Mimi niko na fyuzi zangu."

Shangazi akamwomba Kondakta kile kichupa, ambacho bado kilikuwa mfukoni mwake, akajitia tone kwenye ukucha wa gumba, akalipangusa kwa kitambaa chenye thina. Ukucha ukabaki mweupe. "Nilidhani ni matone ya rangi. Niliyafuta."

"Hiyo inaonyesha alama inafutika," Kondakta alisema. "Haionyeshi kromu ni yangu."

Ilibidi nikubali kimoyomoyo kwamba mzee alikuwa na haki hapo.

Shangazi aliinama juu ya meza, akaikagua mistari mmoja mmoja. Kisha akageuza mstari wa mlango wa nyuma na kumsogezea. "Na hii spoki ya baiskeli ni ya nani?"

Pale klipu moja ya kuushikiza mlangoni ilipovunjika zamani, mtu alikuwa amekata spoki na kuikunja kama ndoana. Kila mstari ulikuwa na ndoana yake, moja au mbili. "Nilikuwa na klipu mpya," Shangazi alisema. "Lakini hizi zilishika vizuri zaidi, nikaziacha."

Kondakta aliigusa ya kwanza kwa kidole, halafu nyingine, mpaka ya mwisho. "Baiskeli yangu ya stesheni," alinong'ona. "Nilizikunja mwenyewe. Ni yangu."

"Uliponiita mwizi ulisema kwa sauti hiyo?"

Mzee akavuta pumzi na kutangaza kama anayewashusha abiria: "Kromu ni yangu! Huyu mama hakuiba kitu!"

Mwenye yadi akaondoka kama mtu aliyekumbuka ameacha maji motoni. Nyundo zikaanza tena.

Shangazi alikuwa akifunga mstari wa kwanza mlangoni kwa bisibisi, akitabasamu, Cheche aliposogea karibu.

"Dada, mimi tepu yangu ya kufungia nyaya huizungusha kwenda kulia. Kule nyuma ya dashibodi kuna kiungo kimoja cha waya kimefunguliwa na kufungwa tena kwenda kushoto."

Mkono wa kushoto wa Shangazi ukasimama.

"Nilikuwa natafuta waya wa zamani," alisema.

"Ukaupata?"

"Sikuupata. Wote mpya, na umeunganishwa vizuri."

"Hapa yadini umewaambia wangapi kwamba mimi ni mwizi?"

Mimi nilijua jibu. Lilikuwa yadi nzima.

Shangazi aliweka bisibisi chini, akapangusa mikono, akatoka nje ya turubai hadi katikati ya ua, akavuta pumzi na kulitaja jina la Cheche kwa sauti kama ya Kondakta. Nyundo zikanyamaza mara ya pili siku hiyo.