Mguu wa Mwezi wa Tatu

Mwalimu mstaafu aliingia kwenye karakana ya miguu ya bandia akichechemea, akajitupa kitini na kusema bila kumung'unya maneno: "Mguu mlionipa mwezi wa tatu ndio uliokuwa wangu. Huu unanichuna. Nirudishieni ule."

Fundi alimtazama Mama Pacha, mtunzi wa programu wa hapo. Mama Pacha akainamisha macho. Mfumo wao ulitunza vipimo vya mwisho tu. Kila kipya kilifuta cha zamani. Vipimo vya mwezi wa tatu vilikuwa vimekwenda na maji.

Siku hiyohiyo aliamua kujenga mfumo mwingine, utakaoandika kila tukio bila kufuta lolote, ili mguu wa siku yoyote uweze kupatikana kwa kuyapitia matukio toka la kwanza. Kazi ikawa kuchagua zana. Moja ilisifiwa na kila mtu na ilikuwa na makorokoro kibao. Ya pili ilikuwa ndogo, inakaa juu ya hifadhidata waliyokuwa nayo tayari. Akaona azijaribu zote mbili kwa habari za Mwalimu mwenyewe.

"Fundi, kweli hukuandika popote?"

Fundi akasitasita, kisha akatoa daftari lililochakaa mfukoni. Mama Pacha akaingiza matukio thelathini na moja, neno kwa neno. Zana kubwa ikagoma: ya zamani yalikuwa kwa inchi, mapya kwa sentimita, hivyo ikataka yarekebishwe kwanza. Ile ndogo iliyaacha yalivyoandikwa, ikayageuza wakati wa kuyasoma tu.

Fundi akachungulia kwenye kioo cha kompyuta. "Mungu wangu! Hadi hili umeliweka?"

Palisomeka: *Leo amelia. Sikupima. Tumekaa tu.*

"Si lilitokea, Fundi?"

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi tunachukua hii ndogo," Mama Pacha akasema kwa sauti ya chini.

Vipimo vya mwezi wa tatu vilikuwa tukio la kumi na tisa. Fundi alitengeneza upya sehemu ya kupokea kigutu kwa siku nne. Mwalimu alipouvaa mguu, akasimama, akaenda mpaka mlangoni. Walidhani atageuka. Wapi! Akavuka ua kuelekea getini, Fundi nyuma yake amenyoosha mikono kama anayemfundisha mtoto kutembea.

"Niache bwana, Fundi," Mwalimu alisema huku akicheka. "Nakwenda kumwonyesha dada yangu."