Likizo ya Kutazama Ghorofa

Nikisikia harufu ya chokaa mbichi ukutani, nakumbuka Mtaa wa Rufiji, Makoroboi, na likizo ile baba aliponitembeza Mwanza kila siku kutazama majengo ya zamani.

Nilikuwa darasa la tatu. Kiwanda cha pamba alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, naye akapunguzwa pamoja na wenzake. Hakumwambia mama, wala mimi. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi kama anayekwenda kazini. Mama alifunga mihogo ya kuchemsha, akamwambia, “Nenda na huyu, ananisumbua hapa nyumbani.” Niliudhika, maana sikuwa nimemsumbua mtu.

Basi tukatembea. Baba alikuwa karani wa mizani, hakujua ujenzi hata kidogo, lakini alieleza kama fundi mkuu. Alinionyesha roshani za mbao juu ya maduka ya Wahindi, majina ya wenye nyumba yaliyoandikwa kwa saruji juu ya milango, na kuta zilizopindishwa kukwepa mawe makubwa yaliyowashinda wajenzi.

“Tazama juu, Kabula,” alisema. “Huku chini ni mitumba tu.”

Nilitazama juu mpaka shingo ikauma, nikajikwaa kwenye mitumba yenyewe, wenye nayo wakanifokea. Nilifurahi kupita kiasi. Sikupata tena kuwa na baba muda mrefu hivyo.

Siku moja pale Makoroboi mzee mmoja alitusimamisha. Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba, mama. Baba Kabula, wewe umeshapata kazi? Sisi wenzako tangu watupunguze tunahangaika tu.”

Baba alijibu kwamba bado anatafuta. Mzee alipoondoka tuliketi kwenye ngazi za duka lililofungwa.

“Usimwambie mama yako,” baba alisema. “Nitamwambia mwenyewe nikipata kitu.”

Niliogopa hata kuongea wakati wa kula, nisije nikaropoka. Kabla shule hazijafunguliwa baba alipata kazi Magu, kupima mpunga wa mfanyabiashara mmoja, na siri ile ikabaki kwangu.

Nilikuja kumwambia mama nikiwa tayari na watoto wangu, baba akiwa ameshafariki. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

“Nilijua tangu siku ya kwanza. Wake wa wenzake walikuja kulia hapa hapa. Unadhani nilikutuma ukatazame ghorofa? Baba yako alikuwa hapati usingizi, hali chakula, na ziwa liko karibu. Nikasema, akiwa na mtoto mkononi, jioni atarudi.”

Likizo nzima nilidhani baba ndiye aliyekuwa ananitembeza mimi.