Febronia na Volti Kumi na Tatu

Siku hizi mtu wa Bukombe akitaka kuongea na Mwanza anatoa simu mfukoni, anaongea, na hakuna anayemsikiliza. Miaka ya sabini, maneno yako yalipitia kwanza kwa Febronia, Mama Ansgar, mpiga redio ya upepo wa hospitali ya misheni, na kwa wote tuliokaa kwenye benchi lake. Tulijua nani kajifungua, nani kahamishwa kazi, nani kagoma kurudi kwa mumewe. Magazeti yalituchelewesha tu.

Febronia alikuwa na ibada mbili kila asubuhi. Ya kwanza ilikuwa kanisani. Ya pili ilianza jenereta ikishaunguruma: anaichomoa redio, anazungusha nobu ya kisanduku cha umeme hadi chini kabisa, kisha anaipandisha polepole, jicho kwenye mshale wa mita. Redio ilitaka volti kumi na tatu na kidogo. Zikizidi sana, inaungua. Mshale ukitulia, ndipo anaichomeka. Ibada hii ilikosa waumini, kwa sababu benchi zima lilikuwa na dini yake: ukiongeza moto, sauti inafika mbali.

Masika moja, Bujiku, mfuga ng'ombe mwenye sauti isiyohitaji redio, alimleta mkewe Nyamizi kwa mkokoteni. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, misheni haikuwa na daktari wa kupasua, na barabara ya Kahama ilikuwa imekatika. Ilibaki ndege ya madaktari kutoka Mwanza, na ndege ilikuwa haiji bila kuitwa.

Febronia aliita. Mwanza wakajibu kwamba wanasikia mkwaruzo tu, arudie. Alirudia mpaka koo likamkauka. Kutoka wodini tulimsikia Nyamizi akilia.

"Mama Ansgar, ongeza moto," Bujiku alisema. "Umeme wenyewe wa mapadri, unaubania nini?"

"Mzee Bujiku, nikiongeza, redio inakufa. Ndege utaiita kwa filimbi?"

Bujiku hakuwa mtu wa kujibizana na mwanamke. Aliinuka, akanyoosha mkono, akaikamata nobu. Febronia aliwahi kuichomoa redio kabla mshale haujaruka hadi mwisho wa mita. Hakumgombeza. Aliirudisha nobu chini na kuanza upya, taratibu kama asubuhi zote, huku Nyamizi akilia upande wa pili wa ukuta na Bujiku akimtazama kama mtu anayetazama uchawi.

Mshale ulipotulia aliita tena. Mkwaruzo uleule. Safari hii hakuitazama mita. Alitoka nje kwenye mvua kuukagua waya wa antena ya redio, ambao ncha yake moja ilishuka karibu na jiko la ndugu wanaouguza wagonjwa. Dada zake Bujiku, wanawake nadhifu, walikuwa wamefua kanga zote za mgonjwa na kuzianika juu ya waya huo, chini ya ukingo wa paa. Kwa uzito wa kanga, waya ulikuwa umelegea na kulalia bati.

"Hizi za nani?" Febronia aliuliza.

Bujiku alizitambua. Alizishusha mwenyewe, moja moja, akaukaza waya bila kuambiwa. Febronia akarudi kuita, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwanza wakasikia. Mvua ilipokata, ndege ilitua kwenye uwanja wa mpira, ikamchukua Nyamizi.

Alirudi na mtoto wa kike. Bujiku akaenda kusimulia mnadani jinsi alivyoingia chumba cha redio, akaongeza moto kwa mkono wake, na Mwanza nzima ikasikia. Benchi lilimwamini, hata sisi tulioshuhudia, kwa kuwa hadithi yake ilikuwa nzuri kuliko yetu. Tulimwambia Febronia aikanushe.

"Muacheni aseme," alijibu, akiichomoa redio kuanza ibada yake ya pili. "Mimi nimeshawafungia kamba za kuanikia kule jikoni."